Dambeli za kubadilisha uzito: ukishavuka arobaini na tano, angalia hatua kabla ya kilo

Kama umevuka miaka arobaini na tano na unataka kupunguza mwili, chombo cha kwanza ambacho ningekushauri ununue ni dambeli za kubadilisha uzito, kabla ya baiskeli ya mazoezi na kabla ya mashine ya kukimbilia. Zangu nimezitumia kwa zaidi ya mwaka kwenye kipande cha sakafu kati ya kitanda na kabati. Nitaeleza zimenifaa wapi na zinaudhi wapi.

Ni jozi moja tu, lakini inashika nafasi ya rafu nzima ya vyuma. Kila dambeli inakaa kwenye trei yake ya plastiki, mpini katikati na visahani vya chuma pande zote mbili. Kila upande una kirungu cha kuzungusha chenye namba. Ukikiweka kwenye 5, meno ya ndani yanashika visahani vinavyotosha kilo 5, na vingine vinabaki kwenye trei unapoinua. Zangu zinaanzia kilo 2 na kuishia 24. Mwanzoni zinapanda kwa kilo moja moja, huko juu zinapanda kwa mbili na zaidi.

Wauzaji husifia ile 24. Mimi nakuomba uangalie ile kilo moja moja.

Chukua zoezi la kuinua mikono pembeni hadi usawa wa mabega. Ukitoka kilo 4 kwenda 5 umeongeza robo ya mzigo, na bega litanung'unika kidogo kisha litazoea. Ukiwa na vyuma vya kawaida vinavyoruka kutoka 5 hadi 10, umeuongeza maradufu, na bega la mtu wa miaka hamsini halina mzaha na hilo. Misuli huzoea mzigo mapema, kano huchelewa, na wapo wa rika letu walioachishwa mazoezi na kano iliyovimba, wala si uvivu. Kwenye kuchuchumaa huku umekumbatia dambeli kifuani mambo ni tofauti: kutoka 20 kwenda 22 mapaja hayashtuki sana. Kwa hiyo hatua ndogo unazihitaji huku chini, kwenye mabega na mikono, na hapo ndipo jozi nyingi za bei rahisi zinapokosea.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alichapisha matokeo ya kuwatibu wanajeshi walioumia magoti kwa kuwapa mizigo mizito kiasi, inayoongezwa kadiri misuli inavyopata nguvu. Mimi nafuata utaratibu uleule kwa namna nyepesi: nachagua uzito ninaoweza kuunyanyua mara 8 bila kuharibu umbo la zoezi. Nikifikisha 12 safi katika mizunguko yote, nazungusha kirungu hatua moja mbele. Mgongo ukianza kupinda au nikianza kujirusha ili kupandisha chuma, narudisha nyuma palepale.

Sasa kuhusu kupungua, kwa sababu ndicho kinachowaleta wengi kwenye ukurasa kama huu. Nimepungua kilo 11. Sitazipa dambeli sifa hiyo yote. Kilo ziliondoka kwa sababu nilipunguza kiasi cha chakula na kuongeza protini, na kwa sababu natembea kila siku. Kipindi kimoja cha vyuma hakiunguzi nguvu nyingi kiasi hicho, na anayekuambia vinginevyo anakuuzia kitu. Kazi ya dambeli ilikuwa kulinda misuli. Ukijinyima chakula tu, sehemu ya kilo zinazoondoka ni misuli, na sisi tayari tunaipoteza kidogo kidogo tangu miaka ya thelathini. Kwa sisi wanawake, homoni ya estrojeni inaposhuka karibu na ukomo wa hedhi, mafuta huhamia tumboni na mifupa hupungua uzito wake. Mifupa nayo hupenda mzigo.

Kuna maneno ninayoyasikia kila mara: "mwili wangu umepoa, sichomi tena kama zamani." Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2021 uliwapima watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, matumizi ya nguvu mwilini hubaki karibu palepale kuanzia miaka 20 hadi 60. Niliposoma hivyo nilifarijika sana. Kilichobadilika kwetu ni misuli, mwendo wa kila siku, usingizi na sahani, na hivyo vyote vinagusika.

Ndiyo maana nakushauri ununue utepe wa kupimia pamoja na dambeli. Kulikuwa na majuma ambayo mizani iligoma kabisa huku kiuno kikiendelea kushuka. Upime katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Changu kimetoka sentimita 98 hadi 85. Kwa wanawake, Shirika la Afya Duniani linaweka alama mbili: zaidi ya 80 hatari ya magonjwa imeongezeka, zaidi ya 88 imeongezeka sana. Nimeshaiacha ile ya juu, na ya chini naiona. Lakini kinachonifurahisha kuliko namba ni kwamba nainuka kutoka sakafuni bila kushika kitu.

Zoezi linalostahili nafasi yake kwenye dambeli hizi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la kuinama kwa nyonga. Unasimama na dambeli mbili mbele ya mapaja, magoti yamelegea kidogo, kisha unasukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango nayo. Mgongo umenyooka, vyuma vinateleza karibu kabisa na miguu hadi chini kidogo ya magoti, na nyuma ya mapaja unahisi mvutano ukikaza. Hapo unarudi juu kwa kubana makalio. Usibane pumzi, itoe unapopanda, maana kubana pumzi chini ya mzigo hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla. Mwenye shinikizo la damu au tatizo la moyo amwone daktari kwanza, na hili nalisema kwa uzito wote. Ukiona mkojo unachuruzika unaponyanyua, punguza uzito na umtafute mtaalamu wa misuli ya nyonga. Ni jambo linalotibika na wengi wetu tunalificha bure.

Kasoro zipo. Urefu wa dambeli zangu haubadiliki hata nikiweka kilo 2, kwa hiyo kwenye mazoezi ya mikono ncha zinagonga paja au zinagongana zenyewe. Trei lazima iwe tambarare na dambeli irudi ikiwa imenyooka, la sivyo visahani havikai na unabaki unasukumasukuma huku mapigo ya moyo yanashuka. Vyuma vinacheza kidogo na kutoa kelele, jambo linalokera alfajiri wengine wakiwa wamelala. Michoro iliyochongwa kwenye mpini ili usiteleze ni mikali. Viganja vimeota sugu. Na kamwe usizidondoshe. Dambeli ya kawaida ukiibwaga inaumia sakafu, hii inaumia yenyewe, kwa sababu meno ya ndani ni ya plastiki kwa sehemu.

Usalama wa yale meno ndio wasiwasi wangu mkubwa. Mwezi Juni 2025 ilitangazwa nchini Marekani kwamba dambeli zipatazo milioni 3.8 za Bowflex, modeli 552 na 1090, zirudishwe, kwa sababu visahani vingeweza kuchomoka wakati wa matumizi. Zangu ni za kampuni nyingine na hazijawahi kuniangusha, lakini muundo unafanana, kwa hiyo kila nikibadilisha uzito nafanya jambo moja: nainua dambeli kimo cha kiganja juu ya trei, naitikisa, naigeuza pande zote mbili. Chuma kilichoshikwa kinagonga kwa sauti fupi na nzito. Kikitoa mlio mrefu wa kulegea, narudisha na kuzungusha upya. Mazoezi ya kulala chali na kusukuma juu ya uso sifanyi kabla ya hapo.

Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza mazoezi ya nguvu kwa misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa juma, juu ya dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani. Siku hizo 2 jozi hii inazitosheleza kabisa, miguu hadi mabega. Mtu ambaye tayari anachuchumaa na mzigo wa kilo 50 ataichoka haraka. Huyo aende jimu.

Ukipata zilizotumika, angalia kwanza kama modeli hiyo imewahi kutakiwa irudishwe. Kisha zungusha kila namba, kirungu kimoja baada ya kingine, uinue na kutikisa katika kila hatua, maana kisahani kikikataa kushikwa kwenye namba moja, huenda jino lake limekatika na vipuri ni adimu. Muuzaji asiyetaka ujaribu namba zote, mwache na vyuma vyake.