Taa za Krismasi za sola: nimezifunga getini, haya ndiyo niliyoyaona

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo tupo nje, getini kwangu hapa Dar, na huo mnaouona nyuma yangu ni mkrismasi wetu, umechanua mwekundu kama ada yake kila Desemba. Mchana hauhitaji pambo lolote. Shughuli ni usiku.

Taa zenyewe ndizo hizi. Nimezitoa Kariakoo, muuzaji alianzia 20,000, tukamalizana kwa 15,000. Waya wa mita 10, vitaa 100, na kipaneli hiki kinachoenea kiganjani. Sasa tazameni: nakifunika kwa mkono... zimewaka. Natoa mkono... zimezima. Paneli hiyo hiyo ndiyo jicho lake, mwanga ukiisha taa zinajiwasha zenyewe.

Na jicho hilo lilinitia aibu! Siku ya kwanza nimeita watoto wote wa jirani, saa moja kasoro robo, giza linaingia, tunasubiri. Kimya. Saa moja, saa mbili, wapi! Nikajua nimepigwa. Kumbe kipaneli nimekichomeka chini ya taa ya ulinzi, chenyewe kinajua bado mchana. Nimekisogeza hatua tatu tu, jamani, vigelegele.

Najua mtauliza, zinaokoa LUKU? Niseme ukweli, kiduchu sana. Chukua taa za LED za kuchomeka kwenye soketi, tuseme za wati 6, uziwashe kwa muda wa saa 5 kila usiku kwa siku 30: hazifikishi hata uniti 1. Kwa hiyo anayekuuzia kwa gia ya kuokoa umeme, msikilize tu, usibishane naye. Mimi nimezipendea kwamba getini hakuna soketi, na sitaki ekstensheni ilale kwenye nyasi na vuli hii inavyonyesha. Halafu juzi umeme umekatika, mtaa mzima giza, mkrismasi wangu peke yake unamemeta. Hapo nilitembea kifua mbele.

Ila msitegemee zimulike njia. Ni pambo, basi.

Sogeza kamera hapa. Nimefungua skrubu 4 za nyuma, ndani kuna betri moja ya kuchaji, AA, volti 1.2, mAh 600, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Kikipata jua la kutwa, zinawaka mpaka kwenye saa saba usiku. Siku ya mawingu, ikifika saa tatu usiku tu ziko hoi. Mitindo ya kuwaka ipo 8, na ule wa kuwaka mfululizo ndio unaokula betri kuliko kumemeta. Betri ikichoka, nunua nyingine ya kuchaji. Usije ukapachika zile za kawaida za redio, hazikutengenezwa kuchajiwa, zitavuja humo ndani na kila kitu kioze.

Kuhusu mvua, boksi limeandikwa IP65, maana yake vumbi na maji ya kurushiwa visipenye. Mimi baada ya mvua mbili nimekuta ukungu ndani ya kifuniko cha swichi. Nimepaka silikoni kuzunguka kingo, mpaka leo pakavu.

Na kipaneli msikiweke chini ya mti wenyewe, kivuli kitakinyima chakula. Desemba hapa kwetu jua la saa sita linapita upande wa kusini kidogo, basi kiinamisheni huko. Na ile nailoni ya juu ibandueni! Nimemkuta mtu anayo bado, wiki ya pili, analalamika taa mbovu.

Nitanunua tena? Ndiyo, nyingine ya fensi. Ila safari hii skrubu nazifungua pale pale dukani kabla sijatoa hela, nione betri inatoka au imelehemewa. Ngoja nigeuze kamera, giza ndilo hilo... subirini kidogo... haya, zimewaka.