Museo Pio Cristiano, Vatikani: mahali pa kusoma sanaa ya Wakristo wa kwanza ndani ya sanaa ya Kirumi

Kwa mwanafunzi wa historia ya sanaa anayetaka kufahamu Wakristo wa karne za mwanzo walizitoa wapi picha zao, sijaona mahali mjini Roma panapofundisha vizuri kama Museo Pio Cristiano, sehemu ya Makumbusho ya Vatikani ambayo wageni wengi huipita bila kuingia kwa sababu wana haraka ya kufika Kikanisa cha Sistina. Tiketi ni ile ile ya makumbusho yote, wala hakuna malipo ya ziada. Nayaandika haya kwa ajili ya wanaosoma somo hili kwa dhati, hasa wanafunzi wetu wa Afrika Mashariki, waseminari, watawa na walei, walio katika vyuo vikuu vya kipapa mjini humo na wenye nafasi ya kurudi tena na tena, nafasi ambayo mtalii wa siku moja hana.

Makumbusho haya yaliasisiwa na Papa Pio IX mwaka 1854, miaka miwili baada ya kuunda tume ya akiolojia takatifu ya kusimamia makatakombe, yaani makaburi ya chini ya ardhi. Kazi ya kuyapanga ilifanywa na Mjesuiti Giuseppe Marchi pamoja na Giovanni Battista de Rossi, mtaalamu ambaye jina lake litamfuata kila anayesoma habari za makatakombe. Mkusanyo ulikaa katika Jumba la Laterano hadi mwaka 1963, kisha ukahamishiwa Vatikani katika jengo jipya lililoagizwa na Papa Yohane XXIII. Jambo kubwa kwetu ni kwamba katika jengo hilo Pio Cristiano ni jirani wa Museo Gregoriano Profano, mkusanyo wa sanaa ya kipagani ulioanzishwa na Papa Gregori XVI mwaka 1844, ambao nao ulitoka Laterano. Ujirani huo ndio unaoyapa makumbusho haya thamani kubwa kwa msomaji, na ndiyo sababu namshauri kila mtu aanze na upande wa wapagani.

Huko atazikuta nakshi, yaani picha zilizochongwa kwenye bamba la jiwe, za kaburi la ukoo wa Haterii, za mwanzoni mwa karne ya 2, ambapo winchi kubwa inaendeshwa na watu wanaokanyaga ndani ya gurudumu kando ya kaburi lenye umbo la hekalu, na ambapo maiti ya mwanamke imelazwa kitandani huku waombolezaji wakiizunguka. Mchongaji hakujali vipimo vya macho: kilicho muhimu amekifanya kikubwa, na kila nafasi tupu ameijaza. Anayedhani kwamba sanaa ya Kirumi ilipoteza usahihi wa maumbo kwa sababu ya Ukristo atazame nakshi hizi, zilizochongwa karne mbili kabla ya Kaisari Konstantino kuwapa Wakristo uhuru. Kisha aende kwenye mabamba ya Cancelleria, yaliyogunduliwa chini ya jumba la jina hilo mwishoni mwa miaka ya 1930, ambapo kichwa cha Kaisari Domitiani kilichongwa upya kikawa cha Nerva, mzee aliyemrithi. Shingo na kiwiliwili havikubadilishwa, kwa hiyo uso mwembamba wa mzee umekaa juu ya mwili ulioandaliwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Kinachotakiwa zaidi kabla ya kuvuka kwenda upande wa Wakristo ni majeneza ya marumaru. Yapo yenye visa vya Kigiriki, cha Oreste aliyemuua mama yake na cha watoto wa Niobe waliouawa na miungu, yaani visa vya vifo vya ghafla ambavyo familia zilizofiwa zilivichagua ili kuusemea msiba wao. Lipo pia lile linaloitwa jeneza la Plotino, kwa jina la mwanafalsafa, la karne ya 3, linalomwonyesha mwalimu aliyeketi, gombo mkononi, akizungukwa na wasikilizaji. Mkao huo wa mwalimu ukumbukwe, kwa kuwa muda si mrefu utamwona Kristo ameukalia.

Upande wa Pio Cristiano, nakushauri usimame kwanza mbele ya jeneza la Yona, la mwaka 300 hivi. Mabaharia wanamtupa Yona majini, naye anapokelewa na mnyama ambaye si samaki wala nyangumi: ana kichwa cha kutisha, kifua cha mnyama wa nchi kavu na mkia uliojipindapinda, kwa kuwa mchongaji alimtoa katika visa vya Kigiriki, katika jamii ya yule wa baharini aliyetumwa kummeza binti mfalme Andromeda. Baada ya kutapikwa, Yona amejilaza chini ya mtango, uchi, mwenye ujana, mkono mmoja umepita juu ya kichwa. Huyo ni Endimioni, mchungaji kijana aliyelala usingizi usio na mwisho na kupendwa na mungu wa kike wa mwezi, ambaye karakana za Roma zilikuwa zimemchonga juu ya majeneza kwa vizazi kadhaa. Msomaji wa Biblia atatambua kwamba katika kitabu chenyewe Yona chini ya mtango ni mtu mwenye hasira, anayeomba afe. Juu ya marumaru amekuwa marehemu anayepumzika kwa amani. Mnunuzi Mkristo alipewa umbo lililokuwepo tayari, nalo umbo likabadilisha maana ya kisa. Karibu na mnyama huyo, Nuhu mdogo sana amesimama katika safina ambayo ni kisanduku tu, kisichotosha hata kwa mtu mmoja kuketi, na njiwa anamjia. Mtu angeweza kulitazama bamba hili kwa saa nzima bila kulimaliza.

Jeneza linaloitwa la kidogma, yaani la fundisho rasmi la imani, ni la miaka ya 325 hadi 350, na liligunduliwa mwaka 1838 wakati wa kazi za ujenzi katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta. Hapa nawaomba wanafunzi wakae muda mrefu zaidi. Juu kushoto wanaume watatu wenye ndevu wanamuumba Eva: mmoja ameketi kitini akiinua mkono, wa pili yuko nyuma yake, na wa tatu ameweka mkono juu ya kichwa cha mwanamke mdogo aliyesimama karibu na Adamu aliyelala. Wataalamu wa karne ya 19 waliwaona hawa kuwa Utatu Mtakatifu, na kwa sababu ya Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325, mkutano wa maaskofu uliotangaza kwamba Mwana ni Mungu sawa na Baba, wakalipa jeneza jina lake. Hoja hiyo ina nguvu, lakini jina likishatangulia huyafunga macho, na mwanafunzi atafaidika akilisahau kwa muda na kutazama kwanza jinsi picha zinavyopangana. Chini kabisa ya wale watatu, Maria ameketi akimpakata mtoto, mamajusi wakimjia. Viti viwili, kimoja juu ya kingine, vinauunganisha uumbaji wa kwanza na kuzaliwa kwa Kristo bila neno hata moja kuandikwa. Kristo anayewakabidhi Adamu na Eva masuke ya ngano na mwanakondoo hana ndevu. Ni kijana mwenye nywele za mviringo, na hafanani na yule wa picha za kalenda tulizokua tukiziona sebuleni. Anapomfufua Lazaro na kuongeza mikate, simulizi zima limebanwa katika watu wawili watatu, kwa sababu anayetazama alitazamiwa kukijua kisa tayari.

Katikati ya safu ya juu kuna duara lililofanana na ngao, na ndani yake mume na mke. Mavazi yao yamekamilika hadi mikunjo, lakini nyuso ni marumaru iliyoachwa bila kuchongwa. Karakana ilikamilisha kazi yote ikaacha nafasi ya sura za wanunuzi, na sura hizo hazikuwekwa kamwe. Ukisogea karibu utaona katika nywele za watu wa pembeni tundu za keekee zilizopangwa mstari, na nyingine kwenye pembe za midomo. Fundi alitoboa upesi, akaacha kivuli kifanye kazi ambayo zamani ingefanywa taratibu kwa patasi. Hakuna picha ya kitabuni iliyowahi kunionyesha jambo hili waziwazi, kwa sababu kamera huwekewa mwanga wa mbele, na mwanga huo huviua vivuli.

Sanamu maarufu kuliko zote humo ni Mchungaji Mwema, kijana aliyebeba mwanakondoo mabegani, na ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa zaidi. Haikuwa sanamu ya kusimama peke yake; ni kipande cha jeneza kilichofanyizwa upya katika karne ya 18 kikawa sanamu kamili. Isitoshe, mtu aliyebeba kondoo alikuwapo katika sanaa ya Wagiriki na Warumi muda mrefu kabla ya Ukristo, kwa hiyo si kila mchungaji wa karne ya 3 ni Kristo. Tahadhari hiyo inahusu mkusanyo mzima: vichwa na mikono mingi ni ya warekebishaji wa karne za karibuni, na rangi zilizopakwa juu ya nakshi nyingi zimepotea, kiasi kwamba weupe tunaousifu leo si ule ambao wafiwa waliuona. Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba majeneza yametengwa na makaburi yake, na picha za ukutani zilizoyazunguka hazipo. Anayesoma somo hili hana budi kuongeza ziara ya katakombe, kama ile ya Priscilla au ya Kalisto, ingawa huko huingii bila kiongozi na kundi linasonga bila kungojea mtu. Kwenye makumbusho unakaa mbele ya bamba moja kadiri unavyotaka.

Maandishi ya kaburi la Abercius, askofu wa Hieropoli ya Frigia, katika Uturuki ya leo, ni vipande viwili tu vya mawe, na wengi huvipita. Yalitungwa mwishoni mwa karne ya 2, yakagunduliwa na William Ramsay mwaka 1883, na yanataja mchungaji, samaki, divai na mkate. Yasomeni kabla ya kuondoka, kwa kuwa yanaonyesha kwamba picha zile zilikuwa zikisemwa kwa maneno kabla ya nyingi kati yake kuchongwa.

Jumapili ya mwisho ya mwezi kuingia ni bure, lakini msongamano ni mkubwa. Asubuhi ya siku ya kazi inafaa zaidi. Hakikisha mapema kwamba vyumba unavyovitaka viko wazi siku hiyo. Ukimaliza, tazama nakala ya plasta ya jeneza la Junius Bassus, mkuu wa mji wa Roma aliyefariki mwaka 359 muda mfupi baada ya ubatizo, kisha siku hiyo hiyo nenda kwenye hazina ya Basilika ya Mtakatifu Petro uione marumaru yenyewe. Kwenye nakala utajifunza mpangilio wa visa 10 kati ya nguzo, na Kristo aliyeketi kama mwalimu, miguu yake ikiwa juu ya mungu wa mbingu anayeshikilia shela kichwani. Kwenye marumaru utaona jinsi watu walivyochongwa kwa kina hata baadhi yao karibu watengane na jiwe.