Nilivyotengenezesha zawadi zenye nembo ya biashara kwa ajili ya Sabasaba

Nauza viungo vya chakula Dar es Salaam, na safari hii nilitaka banda letu la Sabasaba ligawe zawadi ambazo mteja ataendelea kuzitumia. Kalamu na kalenda kila mtu anazo. Ukizunguka viwanja vile vya Barabara ya Kilwa utaona wengi wamehamia kwenye chupa za chuma, mifuko ya kubebea na fulana za kola, zile tunazoziita fomu siksi. Nembo nazo zimepungua ukubwa: rangi moja au mbili, upande wa kifua. Hapo nawaunga mkono kabisa. Fulana ya hivyo mtu anaivaa hata kazini, lakini yenye nembo mgongo mzima na namba za simu huishia kuwa ya kulalia, baadaye dekio.

Kazi nilimpa mchapaji mmoja wa Kariakoo. Kabla hata ya kutaja bei aliniuliza nembo yangu iko kwenye faili la aina gani, na nguo zitafuliwaje. Nikajua huyu anaijua kazi. Akanieleza kwamba uchapaji wa skrini unataka skrini yake kwa kila rangi, kwa hiyo unalipa ukiwa na mamia ya fulana zenye nembo ileile. Kwa oda ndogo siku hizi wengi wanatumia DTF: nembo inachapwa kwenye filamu ya plastiki, inanyunyiziwa unga wa gundi, kisha inabandikwa kwenye nguo kwa mashine ya joto. Rangi ziwe mbili au kumi, si tatizo, na hata fulana moja inachapwa.

Niliomba sampuli, nikaifua kwa mkono na sabuni ya mche, nikaianika juani, nikarudia. Nembo haikubanduka wala kupasuka. Ila ukiigusa ni kama kiraka cha mpira, na pale ilipo jasho halipiti. Kwa joto la Dar, nembo kubwa ya DTF ni kumtesa mvaaji.

Kwa fomu siksi na kofia nilichagua kudarizi, na hapa ndipo nampa sifa zote. Kwenye sampuli ya kwanza herufi ndogo zilikuwa zimeziba. Tundu la "a" na la "e" lilijaa uzi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha, akashauri tuondoe kaulimbiu na jina likuzwe. Zilipotoka, zilikuwa safi mbele na nyuma, bila nyuzi za kukwaruza ngozi.

Chupa zilinikera. Sampuli ilikuwa imechongwa kwa leza, nembo iko ndani ya chuma chenyewe. Mzigo ulipokuja, nembo ilikuwa ya wino, ukipitisha ukucha inatoka. Kumbe chupa alikuwa amempa mtu mwingine azifanye. Nilizikataa. Alibadilisha sehemu kabla ya maonyesho na zilizobaki akanirudishia pesa bila mabishano, lakini presha aliyonipa wiki ile siisahau.

Upande wa mifuko, tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, mifuko mbadala imejaa kila duka, na kuigawa kama zawadi hakumshtui mtu. Nikanunua vitenge, nikampa fundi cherehani ashone mifuko yenye bitana, na lebo ndogo ya kufumwa kwenye mshono wa pembeni. Hakuna uliofanana na mwenzake. Wateja walikuwa wanachagua rangi, na wengine walirudi kuuliza kama tunaiuza. Hakuna zawadi niliyowahi kutoa ikapokelewa hivyo.

Kanga ndiyo niliyoitamani zaidi, pindo na mji wake vichorwe viungo, na jina liwe ujumbe wetu. Kampuni kubwa na vyama vya siasa wanajua nguvu yake. Ila kiwanda kinataka oda kubwa kupita uwezo wa duka kama langu.

Kwa kudarizi na DTF nitarudi kwa mchapaji huyuhuyu. Chupa nitazipeleka kwa mwenye mashine ya leza dukani kwake, nikiwa nimesimama hapo zikichongwa. Na fundi wa mifuko nimeshamwachia vitenge vingine.