Pweza mtamu, lakini walivyomjibu mama mkwe wangu sijasamehe

Nilisema nisubiri hasira ziishe ndiyo niandike. Haziishi, acha niandike hivyohivyo.

Kuna mgahawa hapa Mtwara mjini wa ule mtindo wa kupanga foleni mbele ya kioo: unaonyesha wali au ugali, unaonyesha mboga, wanakupakulia unaona, unalipa mwishoni, sinia unabeba mwenyewe. Marekani wameuzoea zamani, migahawa ya Chipotle ya kwao ilianza hivyo mjini Denver mwaka 1993. Bei iko juu ya mama lishe, chini ya hoteli. Na mimi niliupenda kwa dhati, maana kipande cha pweza unakichagua kwa macho yako, huletewi kilichopoa kutoka jiko usiloliona.

Sasa msimu wa korosho uliopita mama mkwe akashuka kutoka Newala. Nikasema leo hapiki mtu, nampeleka mama akale vizuri. Tumefika zamu yetu, kioo kimejaa mvuke, mama akainama, akanyoosha kidole, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hiki ni kisamvu au majani ya kunde?" Yule binti, waya wa simu sikioni, akagonga upawa kwenye ukingo wa sufuria, ko ko ko. "We bibi, unachagua au unashangaa? Watu wana haraka."

Shikamoo hakuna. Samahani hakuna. Mama akarudisha mkono ndani ya kanga, akaniambia, "Nichagulie wewe, mwanangu." Mzazi wa mume wangu anaona haya kuonyesha mboga!

Nikamwambia, "Mdogo wangu, huyu ni mzazi, mjibu." Akanipita kama hanioni, akamwita wa nyuma yetu: "Kaka, wewe nikuwekee nini?" Yule kaka, Mungu ambariki, akagoma. "Mhudumie mama kwanza."

Mwenye mgahawa naomba anielewe hapa. Kwenye hoteli za kukaa na kuagiza, mpishi akiamka na kisirani chake kinabaki jikoni, mhudumu anakuletea chakula na tabasamu. Kwenu aliyeshika upawa ndiye mgahawa mzima, hakuna mwingine wa kufunika aibu yake. Mkimweka pale mtu asiyejua kumwamkia mkubwa, vile viti vipya na feni vinamsaidia nani? Mama lishe wa stendi ana benchi na turubai tu, lakini mama angeamkiwa, angeambiwa mboga zote zilizopo, angeulizwa kama anatumia pilipili.

Haya, haki yao niwape: pweza wa nazi siku ile alikuwa laini, tui zito, na mama alimaliza sahani. Jioni kuna kijana mwingine, mstaarabu sana, anakuonjesha mchuzi kwenye kijiko kabla hujaamua. Kwa ajili yake nilipoanza kuandika nilishapanga kuwapa nyota tatu.

Lakini nilimfuata meneja siku ileile. Akanijibu "tutaongea naye, dada" huku anahesabu chenji, hata uso hakuinua, na mama amesimama palepale pembeni yangu. Hata pole hakumpa. Nyota tatu za nini? Nawapa moja, na hiyo moja ni ya yule kijana wa jioni. Kama una mzazi wako, mchana usimpeleke.