Nimetafuta mechi ya siku niliyozaliwa Retrosheet, nikakuta mgomo

Aisee ngoja niandike hii maana nimekaa nayo wiki nzima kichwani. Ni kuhusu Retrosheet, tovuti ya bure ya kumbukumbu za besiboli ya Marekani. Najua huku Moshi tunaoufuatilia huu mchezo ni wachache sana, lakini hata kama we ni mtu wa Simba na Yanga tu soma, kuna jambo la mpira wetu nalifikia huko chini.

Mi ni shabiki wa Seattle Mariners. Ilianzia kwenye kofia ya mtumba niliyonunua pale soko la Memorial, ya bluu, ina herufi S juu ya dira ya baharini, nikaivaa kama miaka miwili sijui hata ni ya timu gani. Sasa siku moja tupo geti la Machame la kupandia Kilimanjaro, sisi wagumu, yaani wapagazi, tunasubiri mizigo ipimwe, mgeni mmoja akaiona, akaja mbio kabisa kunisalimia, kumbe ni mtu wa Seattle, na safari nzima kila tukikutana kambini ananifundisha, mara mrushaji anayemrushia mpigaji mpira, mara iningi tisa, yaani vipindi vya mechi, mara hom rani, mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja. Tangu hapo sijaacha. Mechi zao za usiku zinaanza jioni kwa saa za kule, kwetu ni alfajiri, so nikiamka kuwasha jiko nawasha na simu hapo hapo.

Mashabiki wa besiboli wana kitu wanakipenda sana, unatafuta timu yako ilicheza na nani siku ile unazaliwa. Na inawezekana kwa sababu timu moja inacheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku ya Mungu kuanzia mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili mpaka mwisho wa Septemba, mpira wetu wa miguu hauna kitu kama hicho. Aliyezaliwa Desemba au Januari ndo hana bahati, yeye anachukua mechi ya mwisho kabla hajazaliwa na ya kwanza baada ya kuzaliwa, nayo inahesabika.

Mi nimezaliwa 20 Septemba 1994, Jumanne, saa nane mchana, hapa hapa hospitali ya Mawenzi. Kadi ya kliniki mama bado anayo, imekunjwa mara nne, iko kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo, wino umefifia lakini tarehe inasomeka vizuri na kilo zangu 3.1 zinasomeka. Kwa hiyo nilikuwa na uhakika. Septemba msimu unakuwa wa moto, lazima kuna mechi.

Kuitumia ni rahisi, unachagua mwaka, unachagua timu, inakuja orodha ya mechi zote za msimu huo mstari kwa mstari, ukibonyeza mechi unapata karatasi yake yote, nani alipiga, nani alirusha, na mechi nyingi wameandika mpaka tukio kwa tukio, yaani mpigaji wa kwanza alifanya nini, wa pili alifanya nini, hadi mwisho. Kurasa ni maandishi matupu, hakuna mapicha wala matangazo, bando dogo linatosha kabisa, mi nimeifungua na simu yangu hii ya kawaida nikiwa kwenye daladala ya Kiboriloni na ikafunguka. Kiingereza ni kile kile cha vifupisho, AB (mara za kupiga), R (pointi), H (mipigo iliyofanikiwa), ukivijua kama vitano hivi unasoma kila kitu.

Basi nikafungua Mariners 1994, nikashuka Aprili, Mei, Juni, Julai, nikafika 11 Agosti, orodha ikaisha. Nikarudi juu nikashuka tena. Nikajua mtandao umekata. Nikabadilisha timu, New York Yankees, nao wanaishia hapo hapo Agosti. Kila timu.

Ndo nikasoma nikaelewa. 12 Agosti 1994 wachezaji waligoma, kwa sababu wenye timu walikuwa wanataka kuweka kikomo cha mishahara. Mazungumzo yakagonga mwamba na 14 Septemba ligi ikatangaza msimu umekufa na World Series haitachezwa, na fainali hiyo ilikuwa haijawahi kukosekana tangu 1904. Siku sita baadaye mi nikazaliwa. Mgomo ulidumu siku 232, ukamalizika Aprili 1995 baada ya jaji mmoja wa New York kutoa amri, anaitwa Sonia Sotomayor, huyo huyo ambaye leo yuko Mahakama ya Juu ya Marekani.

Sitaki kudanganya, iliniuma. Mtu unataka kujua timu yako ilikuwa wapi siku unakuja duniani, unaambiwa ilikuwa nyumbani imegoma. Lakini hapa ndo nikaipenda hii tovuti, kwa sababu haikuniacha mikono mitupu. Nikabonyeza ile ya 11 Agosti. Mariners walikuwa Oakland, na walikuwa wanatangatanga ugenini muda huo kwa sababu 19 Julai vigae vya dari la uwanja wao, Kingdome, vilidondoka kwenye viti mashabiki hawajaingia, so wakafungiwa uwanja. Anayerusha ni Randy Johnson, jamaa wa futi 6 na inchi 10. Akawatoa wapigaji 15 kwa straiki peke yake, yaani straiki tatu mpigaji anatoka, mechi nzima karusha yeye. Ken Griffey Jr. akapiga hom rani yake ya 40 ya mwaka ule na vituo vyote vina watu, pointi nne kwa mpigo mmoja. Wakashinda 8-1. Mtu wa mwisho kutolewa anaitwa Ernie Young, kwa straiki, na huyo ndo wa mwisho kwa ligi kuu yote ya 1994.

Hesabu sasa, 11 Agosti mpaka 20 Septemba. Ni siku arobaini kamili. Nilipomwambia mama akanyamaza kidogo akasema, "Arobaini mwanangu? Basi hao walikuwa ndani kama mimi nilivyokaa ndani na wewe."

Ya upande wa pili nayo nimeipata, 27 Aprili 1995 wamerudi nyumbani wakaifunga Detroit 3-0, mi nina miezi saba nimeanza kukaa. Na mwaka huo huo 8 Oktoba, Edgar Martínez akapiga ule mpira wa iningi ya 11, Griffey akakimbia kutoka kituo cha kwanza mpaka nyumbani, Yankees wakatolewa kwenye mtoano 6-5. Yaani mwaka wangu wa kwanza duniani ndo mwaka ambao mtu wa Seattle ukimtajia anasimama.

Nikahamia kwa ndugu. Dada yangu ana binti kazaliwa 15 Agosti 2012, Jumatano, saa nne usiku. Nikafungua nikabaki nimeshika simu. Siku hiyo mchana kwa saa za kule Félix Hernández alirusha mechi kamili dhidi ya Tampa Bay Rays, wapigaji 27 wamekuja, 27 wametoka, hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza, 12 katoa kwa straiki, mwisho 1-0. Katika ligi kuu nzima ilikuwa ya 23 tu, na Mariners hawakuwahi kupata kabla ya hapo. Na ukihesabu tofauti ya masaa, mchana ule wa Seattle ndo usiku wetu ule, mtoto anazaliwa na mechi iko karibu kuanza. Nikampigia dada, "Dada, mwanao ana nyota," akasema, "We mdogo wangu umeanza," lakini jioni akanitumia meseji nimwandikie jina la huyo mrushaji vizuri.

Hapo kwenye masaa muwe makini. Seattle wakati wa msimu wako nyuma yetu masaa 10. Kama ulizaliwa huku alfajiri au asubuhi mapema, kule bado ilikuwa jana yake jioni, so angalia tarehe moja nyuma, unaweza ukakuta mechi ilikuwa inachezwa dakika ile ile. Mi hili limenisaidia sana kwa watu watatu niliowatafutia.

Baseball-Reference nayo ipo, ya Sean Forman, tangu 2000, ina takwimu nyingi zaidi na imepangika. Ni nzuri. Ila kwa kazi hii ya siku ya kuzaliwa mi narudi Retrosheet.

Kuprinti ndo kulinitesa. Nilienda stationari moja mjini, sitaitaja, nikampa kijana faili, akatoa ukurasa umekatwa upande wa kulia, iningi ya saba mpaka ya tisa hazipo, na hom rani ya Griffey nusu. Kalipisha vile vile. Printini kwa ulalo, karatasi ilale, na mkague kabla hamjalipa. Ya pili ilitoka safi, nimeiwekea fremu, iko ukutani.

Sasa lile nililosema la mpira wetu. Retrosheet ilianzishwa 1989 na David Smith, mwalimu wa biolojia chuo kikuu cha Delaware, na inaendeshwa na watu wa kujitolea. Walikusanya makaratasi ya mechi kutoka kwenye timu, kwa waandishi, kwa watangazaji, kwa mashabiki wa kawaida waliokuwa wanakaa jukwaani na penseli, wakaingiza kwenye kompyuta moja moja. Ndo maana mi wa Pasua hapa Moshi naweza kujua nani alitolewa wa mwisho Oakland.

Nilimuuliza mama, wiki ile unanizaa, baba alikuwa wapi. Akasema, "Jumapili yake alikuwa Uwanja wa Ushirika, akarudi sauti imekauka kwa kushangilia. Ila nani alicheza na nani mwanangu sikumbuki." Na baba hayupo tena wa kumuuliza. Nimetafuta mtandaoni siku tatu sijapata hata matokeo.

Kwa hiyo Retrosheet nawapa nyota tano bila kufikiria. Na nimenunua kaunta buku, nimeandika juu Ushirika, nimeanza kupita kwa wazee wa Mbuyuni na Majengo wanaokumbuka. Kama una gazeti la zamani, tiketi, au babu yako alikuwa na daftari la mechi, naomba sana uangalie Jumapili ya 18 Septemba 1994, Uwanja wa Ushirika, Moshi. Nataka kujua nani alicheza na ilikuwa ngapi ngapi.