TargetScan nikiwa Kigoma: nzuri, ila usiiamini peke yake

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Kigoma, na usiku nasoma shahada ya pili kwa masafa. Mada yangu ni maikroRNA za moyo, vile vipande vya RNA vyenye herufi kama 22 visivyotengeneza protini. Vyenyewe hujishikiza kwenye RNA mjumbe wa jeni fulani, yaani nakala ya maelekezo ya kutengeneza protini, na kuipunguza makali. Ndiyo kazi iliyowapa wanasayansi Ambros na Ruvkun Nobel ya 2024. Maabara ya kupima mambo haya sina, kwa hiyo nategemea kompyuta.

TargetScan ni programu ya bure ya mtandaoni inayokisia maikroRNA ipi inalenga jeni ipi, imetoka maabara ya David Bartel kule Marekani. Unachagua kiumbe, unataja jeni au maikroRNA, inakuletea orodha ya jeni zinazoweza kulengwa. Mimi nilianza na miR-1, ambayo imejaa kwenye misuli ya moyo. Herufi zake zinaanza UGGAAUGU. Kuanzia ya pili hadi ya nane, yaani GGAAUGU, ndiyo mbegu, sehemu inayotambua pa kujishikiza. Programu inatafuta mkiani mwa RNA mjumbe palipoandikwa ACAUUCC, maana ukisoma kinyumenyume, G inakaa na C, A na U. Vijana wangu wa kidato cha sita waliifanya kwa kalamu na karatasi, wakaelewa kabla hata hatujawasha kompyuta.

Nilichoipendea zaidi ni kwamba inakuonyesha kama mahali hapo pamebaki vilevile kwa wanyama wengi. Pakiwa hivyo, kuna uwezekano mkubwa pana kazi. Alama zake mgeni zitamsumbua kidogo: ziko chini ya sifuri, na kadiri zinavyoshuka ndivyo jeni inavyotarajiwa kubanwa zaidi.

Sasa kasoro. Inakumwagia mamia ya majina, na yote ni washukiwa tu. Haijui kama jeni hiyo na maikroRNA hiyo hukutana kweli ndani ya seli ya moyo. Ndiyo maana kila jina nalipeleka miRTarBase, hifadhidata inayoeleza uhusiano upi umethibitishwa na kwa kipimo gani. Mfano ni Hand2, jeni inayohitajika ventrikali (vyumba vya chini vya moyo) zikue. Kundi la mtafiti Deepak Srivastava lilionyesha mwaka 2005, kwa panya, kwamba miR-1 huibana. Mwaka 2007 wakaja na panya wasio na miR-1-2, moja ya jeni mbili zinazotengeneza miR-1: karibu nusu walikufa, baadhi wakiwa na tundu kwenye ukuta kati ya ventrikali. Ushahidi wa namna hiyo TargetScan haikupi.

Jirani yangu wa Mwanga, ambaye mwanawe ana tundu kwenye moyo, aliniona na michoro hiyo akauliza, "Mwalimu, hiyo kompyuta inaweza kusema mwanangu kayapataje haya?" Nikamjibu, "Hapana, mama. Hii ni ya utafiti tu. Tarehe ya kliniki usiikose." Naliandika hapa kwa sababu nimeshaona watu mitandaoni wakiuza "vipimo vya jeni" kwa maneno matamu.

Kuhusu bando, kurasa zake ni nyepesi, natumia intaneti ya simu. Mtandao ukiyumba narudi kwenye faili la miRBase, hifadhidata ya maikroRNA, nililopakua. Toleo lake la 22 lina maikroRNA za viumbe 271, na humo nilimkuta Neolamprologus brichardi, samaki wa Ziwa Tanganyika hili hili! TargetScan samaki wa kwetu haina, na kwa mtu wa Kigoma hilo linauma.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa sababu ya ukurasa wa maelezo, ulioandikwa kana kwamba msomaji tayari ni mtaalamu. Ukitaka kuijaribu, anza na jeni moja tu ambayo majibu yake yameshathibitishwa, uone inaipata au inaikosa, ndipo uingize zako.