Uzoefu wangu: mayai ya atemia ya kupimiwa yaliyoniulia vifaranga vya enjelfishi

Sikuwa na nia ya kuandika haya. Nilikuwa nimekwisha kulipa, nimekwisha kupata hasara na nimekwisha kunyamaza, lakini kuna maneno niliyoambiwa mbele ya kaunta ya duka moja la samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam, na kila nikibadilisha maji ya tangi nayasikia tena masikioni: "Mama, hawa si samaki wa kula. Wakifa, si unanunua wengine?" Kijana aliyeyatamka hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Hakunisalimu nilipoingia, hakunikaribisha, na chupa niliyoiweka mbele yake hakuigusa hata kwa kidole.

Ndani ya chupa hiyo kulikuwa na mayai ya atemia, yaani wale kamba wadogo mno wa maji ya chumvi ambao wakitoka tu kwenye yai hawafikii hata nusu milimita. Anayefuga enjelfishi kwa ajili ya kuwatazama tu anaweza kuishi miaka mingi bila kuyahitaji. Anayetaka kuwazalisha hana njia ya kuyakwepa, kwa sababu kifaranga cha enjelfishi hakianzi maisha kwa chakula cha unga kama vifaranga vya gapi, samaki wengine wadogo wa mapambo. Kinataka kitu kilicho hai, kinachochezacheza mbele ya macho yake ndipo kikishambulie, na kinakitaka katika siku chache sana zisizosubiri mtu.

Jozi yangu niliipata kwa subira. Nilinunua vijana sita, nikawalea pamoja karibu mwaka mzima mpaka wawili wakachaguana wenyewe na kuanza kuwafukuza wenzao kwenye pembe moja ya tangi, kwa kuwa dume na jike wa samaki hawa huwezi kuwatofautisha kwa hakika mpaka siku ya kutaga. Nilisimamisha kigae cheusi kwenye ukuta wa kioo, nao wakakisafisha kwa midomo siku mbili. Mara ya kwanza walitaga, wakayala mayai yao usiku uleule. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu sikulala. Nilikitoa kigae kikiwa na mayai mia kadhaa yaliyojipanga mistari kama shanga, nikakihamishia kwenye tangi dogo lenye maji yaleyale ya wazazi, nikaweka sponji ya kuchuja na bomba la hewa karibu na mayai ili maji yapite juu yao kama ambavyo mama angeyapepea kwa mapezi. Hita sikuihitaji, kwani joto letu la hapa lilitosha kabisa kuyashikilia maji kwenye nyuzi 28. Yaliyogeuka meupe niliyaondoa kwa sindano moja moja kabla ukungu haujahamia kwa jirani zake.

Siku ya tatu asubuhi mikia ilianza kutikisika. Kwa asiyewahi kuona, kifaranga cha enjelfishi hakiogelei kikitoka kwenye yai. Kichwa chake hunata kwenye kigae kwa utando mwembamba, mkia unachezacheza, na tumboni kina kiini cha yai kinachokilisha kwa siku nne au tano. Mwanangu wa kidato cha pili alikuwa akirudi shuleni anavua viatu na kwenda moja kwa moja kupiga magoti mbele ya tangi lile kabla hata ya kuuliza chakula. Tulijua kwamba kiini kikiisha wataachia kigae na kuogelea, na kwamba tangu hapo wana kama siku moja tu ya kusubiri chakula.

Kwa hiyo nilijiandaa mapema. Nilikwenda dukani, nikaomba mayai ya atemia, nikapimiwa kutoka kwenye kopo kubwa lililokuwa wazi juu ya rafu iliyopigwa na jua la dirishani, yakatiwa kwenye chupa ndogo ya plastiki isiyo na tarehe wala jina, ikazungushiwa selotepu. Nililipa shilingi 15,000. Kosa langu, na ninalikiri waziwazi, ni kwamba niliiona ile rafu na lile kopo wazi, moyo ukashtuka, lakini nikanyamaza kwa kudhani kwamba anayeuza anajua anachokiuza.

Usiku vifaranga walipokaribia kuogelea, nilichanganya lita moja ya maji na chumvi ya mawe gramu 30, nikatia mayai, nikafungulia hewa kwa nguvu na kuwasha taa karibu na chupa. Mayai mazuri katika joto letu huanguliwa ndani ya saa 24. Ukizima hewa ukasubiri kidogo, maganda ya kahawia huelea juu, na chini karibu na mwanga unaona wingu la rangi ya machungwa linalohemahema. Saa 24 zilipita, nikazima hewa, nikainama na tochi. Kahawia tupu. Nikajiambia labda yamechelewa. Saa 36, kahawia. Saa 48, maji yameanza kunuka, na ndani ya chupa nzima nikahesabu labda atemia kumi na mbili wakirukaruka, na hao ndio wa kulisha vifaranga zaidi ya mia mbili.

Wakati huo vifaranga walikuwa wameshaogelea siku ya pili. Nilichokiona kwenye tangi dogo sipendi kukikumbuka, lakini nitakieleza ili anayesoma aelewe kwa nini sikubali kuambiwa kwamba hawa si samaki wa kula. Kifaranga cha umri huo ni kibanzi cha kioo chenye macho mawili. Mwili wote unapenyeza mwanga, kwa hiyo tumbo unaliona: akila atemia, tumbo linakuwa duara ya rangi ya machungwa, na mfugaji akiona tangi limejaa duara hizo anashusha pumzi. Matumbo ya vifaranga wangu yalikuwa yamebonyea ndani. Walikuwa wanakuja mbele ya kioo kila kivuli changu kilipopita, wote kwa pamoja, halafu wanashika nafasi zao wakisubiri. Nilichemsha yai la kuku, nikakamua kiini kupitia kitambaa cheupe, nikawapa tone moja. Wachache walidonoa. Kilichobaki kilitua chini, na kufikia asubuhi maji yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Nilibadilisha maji mara tatu siku hiyo. Jioni walibaki saba, na keshoye mwanangu alipovua viatu nilimwambia asije.

Ndipo nikarudi dukani na chupa yangu. Sikwenda kudai fedha. Nilitaka mtu aniambie kopo lile lilifunguliwa lini. Kijana akaanza kwa kusema labda umeme ulikatika. Nikamjibu kwamba umeme haukukatika na hewa ilitoka usiku kucha. Akasema labda chumvi. Nikamweleza kipimo cha chumvi. Akasema labda sijui kuangua. Nikamwambia kwamba hilo linawezekana, basi atie mayai yaleyale kwenye chupa yake hapo dukani tuone kesho. Hapo ndipo akanipa yale maneno yake, na akarudi kwenye simu.

Mayai ya atemia ni mbegu iliyolala. Yakikaa makavu, yamefungwa na yakiwa mahali pa baridi, yanaweza kulala miaka na bado yakaamka. Yakiachwa wazi katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu, juu ya rafu ya joto, yanakufa polepole bila kubadilika rangi, na hakuna mteja anayeweza kulijua hilo kwa macho. Kwa hiyo anayepimia kutoka kopo wazi bila tarehe anamuuzia mtu kitu ambacho kasoro yake itajulikana tu wakati ambapo haiwezi tena kurekebishwa. Na linaniuma zaidi nikifikiri kwamba mengi ya mayai haya husafiri kutoka Ziwa Kuu la Chumvi kule Utah, Marekani, ilhali atemia huyuhuyu alipandikizwa kwenye mashamba ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi tangu miaka ya 1980 na akakubali kuishi humo. Kiumbe huyu anaishi pwani yetu hii, nasi tunauziwa vumbi lake lililokufa.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo kwa kusema mtu asikanyage duka lile. Haki inanizuia. Nilipokuwa natoka, mzee mmoja anayefunga samaki kwenye mifuko pale nje alinifuata hadi barabarani. Alisema, "Samahani sana, mama yangu. Ile ya kupimiwa imekaa wazi muda mrefu, nimewaambia hawasikii. Njoo nikupe iliyofungwa." Akanitolea kopo dogo kutoka kwenye friji, limefungwa, lina tarehe. Nililipa shilingi 45,000 na nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba hata kumshukuru vizuri sikumshukuru, jambo ambalo ninalijutia.

Jozi yangu ilitaga tena baada ya kama wiki mbili. Safari hii nilijaribu mayai ya atemia kwanza, kijiko kimoja cha chai, kabla hata mikia haijaanza kutikisika. Kesho yake usiku nilizima hewa, nikaweka tochi chini ya chupa, na wingu la machungwa likajaa. Nilimwamsha mwanangu. Siku vifaranga walipoogelea niliwapa tone la kwanza kwa bomba la sindano, na ndani ya nusu saa matumbo yote mbele yetu yalikuwa na ile duara. Sikuweza kusema neno.

Kwa hiyo kopo la kufungwa la duka lile ni zuri, nasema hivyo bila kusita, na sponji zao za kuchuja pia ni imara na hazinyonyi vifaranga. Nilikuwa tayari hata kuwasamehe. Lakini wiki iliyopita nilipita hapo kutafuta bomba la hewa, nikaliona kopo lilelile kubwa juu ya rafu ileile, likiwa wazi, na kijana yuleyule akimpimia binti mmoja wa umri wa mwanangu, ambaye alikuwa anauliza kwa woga kama yataanguliwa. Kijana alimwambia, "Yataanguliwa tu." Nilimvuta binti yule kando, nikamwambia aombe la kufungwa. Hakuwa na fedha ya kutosha. Nikamwongezea, na kijana akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane.

Vifaranga wangu sasa wana wiki ya sita, wameshachukua umbo la wazazi na mistari myeusi imejichora. Wamebaki 63. Juzi mzee yule alinipigia simu kuuliza kama ninauza, maana duka limeishiwa. Nimemtengea 40, kwa sharti kwamba aje kuwachukua yeye mwenyewe hapa nyumbani, na awapeleke kwa mkono wake kwenye tangi, wasipitie kwenye kaunta ile.